Kabla Injini Haijapata Moto

Gari letu lilikuja Bariadi likiwa na sifa nzuri. Dar es Salaam, tulikoishi kabla ya uhamisho, watu walikuwa wakituonea wivu. Ni lile gari la haibridi, lenye injini ya petroli na betri kubwa nyuma ya kiti, na kwenye foleni za jioni lilikuwa likinyamaza kabisa. Injini inajizima, betri inalisukuma taratibu, wenzetu wananguruma kushoto na kulia, sisi tunasikilizana tukinong'ona. Majirani walishangaa tulivyopita sheli mara chache. Mume wangu alikuwa akilisifia mbele ya wageni kama mtu anavyomsifia ng'ombe wake wa maziwa, na kwa kuwa yeye ni Msukuma wa Sapiwi, hiyo ni sifa kubwa.

Tulihama kwa sababu ya mama yake. Alikuwa akikamua asubuhi, nyumbani kwao Sapiwi, ndoo ikamponyoka mkononi na yeye akaanguka upande ilipoanguka ndoo. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka mojamoja. Mume wangu ni mtoto wa kwanza na ni mwalimu wa sekondari. Mimi ni mtu wa kilimo, nashughulika na pamba. Tukaomba uhamisho kwenda Bariadi mjini, tukaupata, tukapanga nyumba kando ya barabara ya Lamadi ili mama awe karibu na hospitali. Mashemeji walimleta wakiwa wamemlaza kwenye godoro nyuma ya gari la mizigo. Mimi nilimpokea mlangoni, nikapiga goti nusu kama nilivyofundishwa.

“Mwadila mayu,” nikamsalimia mama kwa Kisukuma chake.

Akanitazama kwa jicho moja lililokuwa zima. “Mwadila, ng'wanone.” Neno hilo, mwanangu, lilimchukua muda mrefu kulimaliza.

Ilikuwa Juni. Watu wasioijua kanda hii hudhani ni joto mwaka mzima, lakini Juni na Julai asubuhi upepo mkavu unavuma kutoka mbugani, na wanawake wanaokwenda sokoni hujifunga vitenge hadi puani. Mimi nimezaliwa Njombe, kwenye baridi ya kweli, ya maji kuganda kwenye beseni, kwa hiyo nilikuwa nikiwacheka. Mama mkwe hakucheka. Ugonjwa ulimtia baridi ambayo hakuwa nayo zamani. Kila asubuhi nilimvalisha sweta, nikamfunga kitenge juu ya sweta na soksi za mwanawe miguuni.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, kijana mpole aliyetoka Tanga, alitaka tumpeleke kila siku ya kazi. Basi asubuhi mume wangu alimbeba mama mpaka kwenye gari, akamweka kiti cha mbele, kisha akakimbilia pikipiki yake kwenda shuleni. Mimi nikawasha gari, nikawasha na hita kwa sababu mama alipenda ile hewa ya moto miguuni, tukaenda. Hospitali yenyewe ilikuwa hapo tu. Wimbo mmoja wa redio ulikuwa haujaisha tumeshafika. Akimaliza namrudisha nyumbani, namwacha na dada wa kazi, naenda ofisini, ambako nako ni karibu. Mchana narudi kumtazama. Jioni sokoni kununua mboga, mara nyingine nikisahau chumvi narudi tena.

Mafuta yakaanza kuisha.

Mwanzoni sikujali. Kisha nikagundua ninawafahamu wahudumu wa sheli kwa sura na wao wananifahamu mimi, na kwamba yule dada wa zamu ya asubuhi ananiuliza hali ya mama kabla hajauliza anijazie kiasi gani. Mume wangu alipolitambua hilo alikasirika kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

“Gari hili lilikuwa haliombi,” alisema. “Sasa limekuwa ombaomba.”

Tukaanza kutafuta mwizi. Kwanza tulishuku sheli, tukabadilisha sheli. Mafuta yakaisha vilevile. Halafu akashuku kwamba usiku kuna mtu anayatoa kwa mpira, akanunua kifuniko cha tenki chenye kufuli. Hilo nalo halikusaidia, ila funguo ziliongezeka. Shangazi yake aliyekuja kumsalimia mgonjwa alitusikia tukilalamika, akasema gari jipya lisipofanyiwa jambo lolote linapofika, macho ya watu hulila. Mume wangu alimjibu kwa heshima kwamba atalifikiria. Nilimwona kesho yake akilizunguka gari polepole, na nikajua kweli analifikiria.

Nililipeleka kwa fundi wa mtaani ambaye kila mtu alinisifia. Alikuja na spana zake, akafungua boneti, akainama. Kisha akasimama wima. Alikuwa ameona zile nyaya nene za rangi ya chungwa zinazobeba umeme mkubwa kutoka kwenye betri. Akafunga boneti kwa mikono miwili, taratibu, kama anayefunika chungu ambacho bado hakijachemka.

“Dada,” akasema, “mimi nina watoto wadogo.”

Nilimlipa kwa kuja kwake, tukaagana vizuri.

Katikati ya Julai ofisini walinituma Ipililo, upande wa Maswa, kuonana na wakulima kuhusu kung'oa na kuchoma masalia ya pamba. Gari la ofisi lilikuwa bovu, nikaomba niende na langu. Nilipita Maswa mjini, nikanunua maji ya kunywa karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, nikaendelea. Kulikuwa na jua zuri. Mkutano ulikwenda vizuri, wazee wawili walibishana sana juu ya nani hakuchoma masalia mwaka jana, tukala ugali wa mtama na mlenda, nikarudi. Nilipoegesha nyumbani nikatazama mshale wa mafuta, nikadhani umekwama. Nikaugonga kwa kidole. Haukuwa umekwama. Siku nzima barabarani, na mafuta yaliyotumika hayakufika yale niliyokuwa nikimaliza kwa kuzungukazunguka mjini siku chache tu.

Nikamwita mume wangu aje aone. Akatazama, akanitazama mimi.

“Umejaza Maswa?”

“Sijajaza.”

“Hata kidogo?”

“Nimenunua maji ya kunywa tu.”

Wiki iliyofuata tukarudia safari zetu za hospitali, ofisi na sokoni, na mshale ukaanza tena kushuka. Hapo ndipo nilipompigia simu fundi wetu wa Dar, yule aliyekuwa akilihudumia tangu linatoka bandarini. Ni mtu wa maneno mengi na magari ya namna hiyo ndiyo kazi yake. Nilimweleza kila kitu, kuanzia sheli na kufuli hadi Ipililo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Asubuhi ukiliwasha unakwenda wapi?” akauliza.

“Hospitali.”

“Mbali?”

“Hapana. Hata jasho halinitoki nikienda kwa miguu.”

“Halafu unalizima?”

“Nalizima, nasubiri, nalirudisha nyumbani. Nalizima tena.”

“Na hita unawasha?”

“Mama anasikia baridi.”

Akacheka sana, mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Kisha akanieleza. Injini ikiwa baridi, alisema, gari haliruhusu izimike. Linaipa kwanza mafuta mengi ili ipate moto, yenyewe na bomba lake la moshi, na mpaka ipate moto, ule umeme wa betri husaidia kidogo sana. Hita nayo inachukua joto lake hapohapo kwenye injini, kwa hiyo ukiiwasha ndiyo kabisa umeiambia injini isilale. Mimi nilikuwa nalifikisha hospitali wakati linakaribia kupata moto, nalizima, linapoa, naanza upya. Siku nzima gari lilikuwa linakoka moto na halipiki kitu.

“Lakini kwenye foleni huko Dar lilikuwa halili,” nikasema.

“Foleni ya Dar unakaa saa nzima na zaidi, dada yangu. Limeshachemka zamani. Na Dar kuna joto.”

“Hata hapa si baridi. Mimi natoka Njombe.”

“Baridi ya injini siyo ya kuvaa sweta. Limelala nje usiku kucha, hiyo inatosha. Gari lako ni zima. Lipe safari moja ndefu badala ya hizo tano fupi.”

Jioni ile tulikula pamoja sebuleni, mume wangu, mimi na mama. Mama alikuwa ameanza kujilisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na hatukumtazama sana ili asione haya. Nilimsimulia mume wangu habari ya fundi. Aliuliza maswali mengi, kisha akatulia, akaonekana kama mtu aliyepata barua kwamba hakuibiwa. Nadhani alifurahi zaidi kwa ajili ya gari kuliko kwa ajili ya mfuko wake.

Mama alikuwa akisikiliza. Maneno yake kwa wakati huo yalikuwa yamerudi kiasi, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, ila alihitaji kusubiriwa. Tukamsubiri.

“Kumbe gari linakunywa ili lipate joto tu,” akasema.

“Ndiyo, mayu,” mwanawe akajibu.

“Likipata joto, tumefika.”

“Ndiyo.”

“Na mimi linanipeleka wapi?”

“Hospitali, mayu.”

“Kufanya nini?”

Mume wangu akakunja uso, asijue anaelekezwa wapi. “Kufanya mazoezi. Kujifunza kutembea.”

Mama akaweka tonge chini. “Mnanibeba,” akasema, “mnanipakia kwenye gari, mnanipeleka kujifunza kutembea.”

Akaanza kucheka. Tangu aje kwetu hatukuwa tumemsikia akicheka. Mdomo ulivuta upande mmoja, machozi yakamtoka jicho moja kabla ya jingine, mabega yakatikisika, na kile kicheko kikatoka kikubwa kuliko mwili wake. Mume wangu akamtazama kwa hofu kwanza, akidhani ni ugonjwa. Halafu na yeye akashindwa. Tulicheka mpaka dada wa kazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Kesho yake asubuhi mama akakataa gari.

Mwanawe alibembeleza, akaonya, akataja kuanguka. Mama alikuwa amekaa kitandani na sweta lake, akamwambia kwa Kisukuma jambo ambalo hakunitafsiria, lakini lilimfanya mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, atoke chumbani akijikuna kichwa. Mimi nikampigia simu yule mtaalamu wa mazoezi. Nilidhani atakataa. Aliuliza njia ikoje, kama kuna mabonde, kama nina cha kumkalisha akichoka. Akasema aanze kidogokidogo, kwa fimbo, mimi nikiwa upande wake dhaifu, na asivuke barabara peke yake hata akitukana.

“Akichoka mpande bajaji,” akasema. “Asione ni aibu.”

Siku ya kwanza tulifika kwenye geti letu, tukapanda bajaji. Siku iliyofuata tulifika kwenye duka la jirani. Kwa ajili ya kumpumzisha nilibeba kiti cha plastiki kichwani. Basi nadhani watu wa mtaa ule watanikumbuka hivyo daima: afisa wa kilimo, nguo ya ofisini, kiti cheupe kichwani, pembeni yake bibi anayekokota mguu mmoja mchangani. Ofisini niliomba ruhusa ya kuchelewa kidogo asubuhi, bosi akakubali, akasema hata mama yake yuko kijijini.

Jambo ambalo sikulitarajia ni salamu. Ndani ya gari tulikuwa tumefunga vioo kwa sababu ya baridi, na mji ulipita nje kimya. Kwa miguu kila mtu alikuwa na neno. “Mwangaluka mayu!” Mama anasimama, anaegemea fimbo, anajibu. Mhola? Mhola duhu, salama tu. Watoto hawajambo? Ng'ombe hawajambo? Mvua huko kwenu? Anajibiwa, na yeye anajibu. Hakuna aliyemharakisha, kwa sababu salamu ya huku haina haraka, na kwa muda wote huo ulimi ulikuwa unafanya kazi. Mama muuza maziwa alimtambua kuwa ni wa Sapiwi kwa namna anavyosema neno moja tu, sijui neno gani. Mwanamke mwingine aligundua kwamba waliwahi kuuza pamba mzani mmoja wakiwa wasichana. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kuniuliza nimempa dawa gani ya kuongea. Nikamwambia ni mtaa.

Agosti, asubuhi moja, tulikuwa tumeshavuka nusu ya njia. Mama alichoka, nikamwekea kiti kando ya barabara chini ya ukuta unaopata jua, akakaa. Mara likaja kundi la ng'ombe kutoka upande wa mnada, wengi, wakijaza barabara na kando zake, vumbi mbele na nyuma. Mchungaji wao alikuwa mtu mzima mwenye koti la mvua na redio ndogo mfukoni. Mimi ni mtu wa mahindi na pamba. Ng'ombe wenye pembe zile wakinikaribia moyo unaniruka. Nikasimama mbele ya kiti nikatanua mikono.

“Nitolee kivuli,” mama akasema nyuma yangu. “Sioni.”

Ng'ombe wakagawanyika mbele yetu kama maji yanavyogawanyika kwenye jiwe, wakapita huku na huku, wakihema. Mama alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, midomo ikicheza. Akapita jike mmoja mweusi mwenye baka jeupe ubavuni.

“Huyu ana mimba,” mama akamwambia mchungaji.

“Hana, mayu,” yule bwana akajibu. “Ameshiba.”

“Ana mimba.”

“Mayu, ni wangu, nalala nao.”

“Basi unalala usingizi!”

Na akasimama. Aliweka mkono wa kushoto kwenye goti, akasukuma, akanyanyuka kutoka kwenye kile kiti bila fimbo, bila mimi, akapiga hatua moja na mguu ule mbovu, ya pili, akaweka mkono kwenye mgongo wa yule ng'ombe, chini kidogo, karibu na nyonga, akaupapasa. Ng'ombe akatulia. Mkono alioutumia ulikuwa wa kulia. Vidole havikuwa vimenyooka vizuri, lakini ulikuwa wa kulia.

Niliogopa kwamba nikisema neno atakumbuka kwamba hawezi.

Mchungaji akaja, akapapasa na yeye mahali palepale. “Labda,” akasema.

“Labda!” mama akarudia, akanigeukia ili nami nisikie ujinga wa watu wa siku hizi. Hapo ndipo alipojiona amesimama. Alinitazama, akatazama kiti kilichokuwa nyuma yake, mbali kuliko alivyokumbuka. Nikamsogelea, nikamshika kiwiko.

“Usimwambie,” akasema. Alimaanisha mwanawe. “Nitamwonyesha mwenyewe.”

Alimwonyesha Jumapili, baada ya ibada, mbele ya shangazi na wageni wote, kutoka kwenye kochi hadi mlangoni. Mume wangu alitoka nje akakaa huko muda mrefu, akijifanya anakagua matairi.

Tangu hapo gari lilipumzika. Kazini nilikwenda kwa miguu, mchana nikarudi kwa miguu. Mahitaji ya sokoni niliyalimbikiza hadi Jumamosi: unga, mkaa, mtungi wa gesi, dawa za mama, na kabla ya kwenda sokoni tunalipeleka gari mbali kidogo lipate moto, barabara ya Lamadi, sisi watatu, vioo vikiwa wazi kwa sababu kufikia Septemba joto lilikuwa limerudi. Dada wa sheli aliniuliza kama tumehama.

Si kwamba nilipata wongofu wa kutembea. Siku za vumbi nilichukia, na viatu viwili viliniishia soli. Siku moja nilichelewa kikao cha mkuu wangu kwa sababu ya salamu, nikaeleza hivyo hivyo, na kila aliyekuwemo kwenye kile chumba, hata waliotoka mikoa mingine, aliona ni sababu ya kutosha.

Mvua za kwanza zilipokaribia mama alisema anarudi kwake. Tulijaribu kumzuia, bila nguvu sana. Alikuwa anatembea kwa fimbo, polepole, mguu ukiandika mstari wake mchangani, na mtaalamu wa mazoezi alisema mengine yaliyobaki atayapata kwenye kazi zake mwenyewe. Tulimpeleka Sapiwi kwa gari. Njiani, mji ulipoisha na barabara ikatulia, injini ilijizima kwenye mteremko, na mama akamshika mwanawe bega kwa wasiwasi.

“Limekufa?”

“Halijafa, mayu. Limepata moto, sasa linapumzika.”

“Mpaka huku ndiyo linapata moto,” akasema, akatikisa kichwa.

Nyumbani kwake walikuwa wamefagia. Wake za mashemeji walipiga vigelegele, watoto wakamzunguka, wanaume wakasimama pembeni wakisubiri zamu yao ya salamu. Alisalimia wote. Kisha akaenda moja kwa moja jikoni kwake, akafunua vyungu kimoja baada ya kingine, akanusa kibuyu cha maziwa, na tukaanza kumsikia akigomba: nani ameweka kibuyu hiki hapa, nani alikifukiza kwa moshi wa kuni za aina hii, mlikuwa mnanywa nini humu? Walimjibu kwa upole mmoja baada ya mwingine. Mimi niliketishwa kwenye mkeka, nikaletewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na nikala bila haraka, mume wangu akiwa nje amezungukwa na ndugu zake wakiomba awafungulie boneti.